Kikohozi cha Darini

Nyumba yetu ya Ikinga aliijenga baba kabla sijazaliwa. Ilikuwa na fremu ya nguzo na mbao nzito, kuta za udongo, na juu dari la kuhifadhia mahindi. Baba alifia humo kwa ugonjwa wa kifua.

Matanga yalipoisha, baba mkubwa na ndugu zake waliketi sebuleni wakasema nyumba ni ya ukoo, mama arudi kwao. Mama alikuwa jikoni, kibanda cha nje. Walipokuwa wakila, kikasikika kikohozi darini, kikavu, kikifuatiwa na pumzi ya kukoroma. Ndivyo alivyokohoa baba. Baba mkubwa alilirudisha tonge kwenye sahani. Waliondoka bila kunawa, na habari ya nyumba haikusemwa tena.

Tangu hapo watu walipita mbali na uzio wetu. Wazee wa kanisa walikuja kuomba, kikohozi kikaja katikati ya sala. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na sikuogopa. Mama akiaga kwenda shambani, nilisimama chini ya dari nikazungumza na baba. Wakati mwingine alikohoa, nami nikajua amenisikia.

Kufikia mwaka jana mchwa walikuwa wamezila nguzo nyingi. Tulitoka mjini Mpemba, ninakoishi na mama siku hizi, tukaenda kuibomoa. Vijana tuliowakodi walikataa kuingia. Mmoja akasema, “Mama, humo kuna mtu.”

Mama alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kimlango cha kupandishia mahindi, akapanda ngazi polepole. Kisha kikohozi kikatoka darini, kilekile, na pumzi ileile. Vijana walikimbilia barabarani.

Mama aliposhuka alikuwa akipangusa vumbi kwenye kitenge.

“Ni mimi,” alisema. “Siku zote nilikuwa mimi. Wangetutupa nje, mwanangu. Ningefanyaje?”

“Na nilipokuwa peke yangu, ulikohoa kwa nini?”

“Wewe ndiye uliyewasimulia shule nzima. Mtoto akisema, watu wanaamini.”

Nilikaa chini kwenye nyasi. Mambo niliyomwambia baba yalinirudia moja moja, hadi lile baya kuliko yote. Nilikuwa nimemwambia kwamba afadhali angekufa mama, yeye abaki.

“Ulisikia yote?”

“Yote.”

“Hata lile la kufa?”

Mama alinitazama, uso wake mtulivu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

“Hilo nilikuwa nalisema hata mimi,” akajibu. “Siku ile nilikaa juu ya magunia nikalia, ukatoka kwenda kucheza, nikashuka kupika.”

Kisha aliwaita vijana kwa mkono, akawaonyesha nguzo za mbele ambazo mchwa hawajazigusa, akawaambia wazing'oe taratibu, bado zinafaa kujengea zizi.