Siku Niliyogoma Kulipa Ada ya Tiketi

Jamani, kuna aibu ambayo ukiisimulia mwenyewe inapungua makali, kwa hiyo acheni niisimulie mimi kabla hamjaisikia kwa wale wa sokoni Mbinga, ambao huitia chumvi mpaka wanasema nilikokotwa (sikukokotwa, nilitembea kwa miguu yangu, ila sikuwa na uhuru wa kuchagua ninakwenda wapi).

Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza wameruhusiwa kuingia vijijini, maduka yanafunguliwa kila kona na hata muuza karanga anakwambia ni biashara huria. Cherehani yangu, maana mimi ni mwanamke fundi nguo, ilikuwa barazani mwa duka la Bwana Kinunda, na siku moja likapita gari la matangazo likisema kwamba bendi kubwa kutoka Dar es Salaam, ile tuliyokuwa tukiisikia redioni tu, itapiga ukumbini kwetu Jumapili mchana baada ya misa. Kwa furaha niliyokuwa nayo, siku ile nilishona mkono wa shati la mteja kwenye tundu la shingo.

Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni shangazi Editha wa Litembo, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi aliipenda bendi ile kiasi cha kuanika betri za redio juani ili apate japo wimbo mmoja zaidi. Nikampelekea salamu kwamba aje, kiti chake ni juu yangu.

Tiketi zilikuwa zinauzwa mle mle dukani, maana Bwana Kinunda ndiye aliyeialika bendi. Nikaingia kununua mbili, nikakuta bei si ile iliyotangazwa, kuna kitu kimeongezwa juu yake, Bwana Kinunda anakiita ada ya kuwekewa nafasi. Nikamuuliza ni ada ya nini, akasema ni ya kuwekewa nafasi. Nikamuuliza kwani tiketi yenyewe haina nafasi ndani yake? Wateja wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana mimi nikichekewa huwa naongeza.

Nikasema, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba atakayenunua mlangoni Jumapili atalipa pungufu, na sisi tunaotoa hela mapema ndio tunaongezewa, sasa haki iko wapi? Nikasema sisi wa Mbinga tumekatwa vya kutosha, kahawa yetu inakatwa ya gunia, inakatwa ya usafiri, inakatwa ya mfuko wa hiki na mfuko wa kile, na leo hata muziki nao una makato. Bwana Kinunda, mtu mpole yule, alikuwa anapima sukari na hakuinua hata uso.

"Fundi, hii ni biashara huria," akasema. "Hulazimishwi."

"Basi silipi," nikamjibu, "na mwenye akili asilipe. Tukutane mlangoni Jumapili."

Watu wakapiga makofi. Mtumishi mmoja wa idara ya kilimo, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, akarudisha hela yake mfukoni mbele ya macho yangu, na kufikia Ijumaa maneno yangu yalikuwa yamefika mpaka vijiji vya Mbuji na Kitura. Nilijiona kiongozi (naomba msicheke bado).

Jumapili shangazi akateremka garini na gauni lake la Pasaka, viatu kavaa kwa ajili ya misa na hakuvivua kwa sababu ya ukumbi. Tukafika, loo, watu kama siafu, walioshuka milimani, waliopanda kutoka ziwani, vumbi tupu na vicheko. Wenye tiketi za dukani wakawa wanaingia taratibu, mmoja mmoja, mpaka Bwana Kinunda akatoka na kutangaza kwamba ukumbi umejaa na mlangoni hakutauzwa tiketi hata moja. Ndani magitaa yameanza kujaribiwa, na nje kundi zima lililonisikiliza likanigeukia. Yule mtumishi wa kilimo akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, sasa tunafanyaje?" Shangazi akainama, akavua viatu.

Mara mlango wa ubavuni ukafunguka, kijana wa bendi akauliza kama kuna fundi cherehani karibu. Nikasukumwa mbele na mikono isiyo na idadi. Nikamwambia shangazi anisubiri, nikishaingia nitamtafutia njia.

Kumbe suruali nyeupe ya mwimbaji mkuu imefumuka nyuma, na hana nyingine. Muda wa kuivua haukuwepo, kwa hiyo akanipa mgongo, nami nikapiga magoti nyuma ya pazia na kuchomoa sindano yenye uzi ambayo huwa sikosi kwenye kola. Ile sauti ya redioni ilikuwa hapo juu yangu, inakohoa kama mtu wa kawaida. Ngoma zikaanza, yeye hatulii, kiuno kimeshaanza kazi, nami nashona nikimfuata huku na huku. Nikapiga fundo, nikasogeza mdomo kukata uzi kwa meno, na pazia likafunguka.

Ukumbi ulilipuka. Nikataka kurudi nyuma kwa magoti, kitenge nilichojifunga kikanivuta. Mwimbaji akaenda kulia, nikaenda kulia. Akaenda kushoto, nami huyo. Nilikuwa nimekishona kitenge changu kwenye suruali yake, na nilikishona vizuri, maana mimi kazi mbovu sifanyi. Madirishani walikuwa wamepanda wale wale niliowagomesha, na nikamsikia mmoja akisema, "Si ndiye aliyetukataza kulipa? Kumbe yeye ni wa bendi."

Mwimbaji akasimamisha wimbo, akaniuliza kwenye kipaza sauti mimi ni nani.

"Mimi ni fundi," nikasema, na kipaza sauti kikapeleka mpaka barabarani. "Nimekushona."

Ikabidi nikifungue kitenge na kumwachia, nikabaki na gauni langu la ndani ya kitenge, naye akacheza na kitenge kinaning'inia nyuma. Bwana Kinunda akanishika mkono kunitoa. Njiani nikaona viti vitupu mbele, nikamsihi hata kimoja, cha shangazi. Akasema ni vya watu wa Nyasa waliolipa ada, gari lao limekwama kwenye matope ya huko ziwani. Kabla sijafika mlangoni wakaingia, matope mpaka magotini, wakakaa.

Nilimkuta shangazi dirishani, mtumishi wa kilimo kampa jiwe la kukanyagia. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia.

"Nyamaza nisikie," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Redioni sikuwahi kujua kwamba ana mkia."

Kesho yake nilimwambia Bwana Kinunda kwamba kama ada ni ya kulinda kiti, angetuambia hivyo, na angeandika bei moja tangu mwanzo. Bendi iliyofuata aliandika bei moja, na hakuna aliyenung'unika. Kwa hiyo bado naamini nilikuwa na haki. Ila nimeapa, nikiona watu wanapunjwa nitasema, na kwa sauti ile ile, lakini nitasema nikiwa nimeshika tiketi ya shangazi mkononi.