Mayai ya Mama na Swichi ya Ploti

Ploti yetu hapa Nyeri ina vyumba kumi vya kupanga na swichi kuu moja ya stima. Ilipojengwa, kila chumba kilikuwa na balbu na redio. Siku hizi kila mtu ana birika la stima na pasi, na viwili vya hivyo vikiwashwa pamoja swichi hujizima. Iko ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo anao mwenye ploti, kule Mukurweini.

Wazazi walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule kidato cha pili. Kuku wa mama kule Tetu ndio waliowalisha wadogo zangu wawili, na kizazi chao nilikitunza hadi mwaka huu, ugonjwa ulipowamaliza. Kilichobaki ni mayai kumi na mawili. Niliazima mashine ya kuangulia, nikayatia Jumapili kwa sababu ndiyo siku yangu ya kupumzika. Sikufikiri kwamba siku ishirini na moja zingeangukia Jumapili tena, asubuhi ambayo ploti nzima hupiga pasi na kuchemsha maji ya kuoga kabla ya kanisa.

Jumamosi nikabisha mlango kwa mlango. Niliomba maji yachemshwe kwa jiko la makaa, na pasi ziwashwe kwa zamu, moja moja.

"Ati nipange laini ya pasi?" akasema polisi wa chumba cha tatu. "Na kesho nashika kikapu ya sadaka mbele ya watu."

"Afande, watu wataangalia kikapu," akasema jirani yake, mwalimu. "Wewe nani anakuangalia?"

Wakakubali wote.

Asubuhi, afande akiwa kwenye zamu yake ya pasi, yai la kwanza likapasuka. Mdomo mdogo ukachungulia. Kwa furaha nikawaita majirani waje wanywe chai, nikawasha birika.

Swichi ikajizima.

Mwenye ploti akasema kwa simu kwamba atachukua saa mbili kufika. Nje ilikuwa baridi ya Julai. Nikakaa sakafuni nimeikumbatia mashine. Afande akaingia na maji yake ya moto ya kuoga, ameyatia kwenye chupa.

"Zungushia hizi, dada, halafu ufunike na blanketi."

Mwalimu akaleta yake, kisha wengine.

Afande alienda kanisani hajaoga, mkono mmoja wa shati umenyooka, mwingine mikunjo mitupu. Aliporudi alipita kwangu kabla ya kufungua kwake.

"Wangapi?"

"Tisa."

Akainama, akawatazama kwa muda.

"Na ile chai?"