Ripoti ya Plaiwudi

Fundi seremala wa Majengo huugonga kila ubao wa plaiwudi mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha huusikiliza, hata ule aliougonga jana. Hashindani na kelele za mashine ya kuranda. Huizima ndipo aseme. Aliizima pia siku ile Praygod alipokuja kuomba ukarani wa kikundi cha maseremala, yeye aliyeacha chuo mwaka wa pili akatoka na maneno makubwa tu. Kijana alisimama juu ya maranda kama profesa, akasoma ripoti yake ya wiki nzima: thamani ya plaiwudi inayoingizwa Kenya, na ile inayoingizwa Tanzania. "Tumewazidi Wakenya mara kumi, fundi!" akamaliza, moyoni akijipigia makofi. Fundi akaigonga karatasi mara mbili, akasikiliza.

"Msomi, hizi za Kenya ni shilingi za wapi?"

"Za kwao."

"Na hizi?"

Praygod, ambaye juzi tu pale mpakani Holili alilalamika kwamba shilingi moja ya Kenya inameza karibu ishirini zetu, alihisi masikio yanawaka moto. "Za kwetu."

Fundi hakucheka. Alimkabidhi ncha ya tepu ya kupimia. "Haya, shika hapo. Namba nitasoma mimi."

Praygod akaishika kwa mikono miwili, kama shahada.