Baba Mkwe na Tairi za Mlimani

Habari ililetwa na jirani yetu, mwenye mashine ya kusaga. Nyumba yetu na mashine yake zimegawana ukuta, kwa hiyo kwetu hata umbea hausemwi kwa kunong'ona. Alinijia na unga mpaka kwenye kope, akaniambia kwa sauti ya kuita ng'ombe kwamba baba mkwe wangu ameanza maringo. Wiki hii amemsalimia mara tatu, na mara zote mzee amempita kama anayepita nguzo. Tena kila jioni anaonekana kwenye duka la matairi. Kwa hesabu zake, mtu akishafikia kununua tairi nne mpya kwa mpigo mmoja, salamu za watu wa pumba za nini tena?

"Au ni yule mwenye duka," akaongeza, akanikonyeza. "Mjane yule. Nani anakwenda kutazama mpira mweusi siku nne?"

Nilicheka, lakini neno la salamu lilinikaa rohoni. Baba mkwe wangu husalimia hata mbuzi wa watu.

Kwa miaka thelathini amebeba maziwa kwa pikapu, kutoka kwa wafugaji wa mlimani mpaka kiwandani. Nusu ya njia ni udongo na mawe, nusu ni lami. Asubuhi hushusha kioo cha dirisha hata kukiwa na baridi ya kutoboa mifupa, ili azisikie tairi zake. Nilipoolewa, siku za mwanzo nikiwa bado naona haya kukaa naye sebuleni, alinifundisha mambo hayo badala ya kuniuliza maswali. Kijiwe kikinasa kwenye meno ya tairi, alisema, utasikia tik, tik, tik. Tairi ikipungua upepo inaburuza sauti kama mtu aliyevaa kandambili kubwa kuliko mguu wake. Gari linasema kabla halijaharibika, ila wengi wanaliwashia redio.

Mwezi uliopita tairi zake zilikuwa zimekwisha, zimekuwa kipara. Pikapu ikateleza kwenye kona ya mlima, ikalala mtaroni, na maziwa yote yakanywewa na udongo. Yeye alitoka mzima. Meneja wa kiwanda hakugomba. Alimwambia tu kwamba mvua zikianza, gari lenye tairi zile halitapanda tena, na njia atapewa dereva mwingine. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa mlimani. Tangu mama mkwe afariki, njia ile ndiyo inayomwamsha mzee kitandani, na sote nyumbani tulijua.

Alhamisi nilikuwa nampeleka mtoto kupimwa uzito. Baba mkwe akanipa lifti, akasema tukitoka huko tutapita dukani mara moja.

Mwenye duka wanamwita Mama Matairi. Ni mwanamke mfupi, mikono myeusi mpaka viwikoni, na jeki analipiga mwenyewe. Ana desturi yake: hakuuzii tairi kabla hujaendesha nazo mpaka darajani na kurudi. Ameweka seti mbili zilizotumika kidogo kwa kazi hiyo. Moja ni ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana kama ya mtoto wa miaka saba. Nyingine ni ya njia zote, meno yake ya wastani na yamepangwa karibu karibu.

Aliponiona alinivuta pembeni. Akaniambia mzee amejaribu zote mara nne, na kila akirudi anasema hajaona tofauti. Hajapata kuona mteja wa namna hiyo. Nikamuuliza kwa utani kama hawana jambo lao wawili, jirani asije akawa anasema kweli. Akajibu kwamba mwanamume anayechelewa hivyo kuchagua tairi, kuchagua mke angemaliza dunia.

Tulianza na za matope. Kwenye udongo zilikwenda vizuri. Tulipopanda lami zikaanza kunguruma. Mngurumo ule ulipita kwenye kiti, ukaingia mgongoni, ukanitetemesha meno. Mtoto aliyekuwa amelala akaamka na kuanza kulia kilio chake kile cha kuita mtaa mzima.

Baba mkwe alikuwa ameshusha kioo, ameinamisha kichwa dirishani kama kawaida yake.

"Kimya kabisa," akasema. "Kama tunapita juu ya godoro."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama nicheke naye, nikaona hatanii. Mjukuu wake alikuwa analia sentimita chache kutoka kwenye kiwiko chake, na uso wa mzee ulikuwa umetulia, unatazama barabara. Mpaka mguu wa mtoto ulipompiga mkononi ndipo alipogeuka, akaona kinywa kilichofunguka na machozi. Akapunguza mwendo. Akageuza gari, tukarudi dukani.

Hapo nilijionea aibu. Pale nyumbani tunaongea kwa kupayuka tangu asubuhi kwa sababu ya ile mashine. Hakuna aliyewahi kumwambia mzee neno kwa sauti ndogo, basi hakuna aliyejua kwamba sauti haimfikii tena, labda anatusoma midomo tu. Tuliishi naye ndani ya kelele, tukadhani anatusikia.

Mama Matairi akafunga zile za njia zote. Safari hii lami ilitupokea kwa mvumo mdogo tu, kama mtu anayechunga unga chumba cha pili. Mtoto akarudi usingizini. Tulipofika darajani baba mkwe akasimamisha gari, akazima injini, akashuka. Akachuchumaa mbele ya tairi, akawa anabonyeza meno yake kwa kidole gumba, moja moja. Nikashuka na mtoto wangu, nikachuchumaa mahali anaponiona.

"Hizi je?" akauliza. "Zinalia?"

Nikatikisa kichwa.

"Na zile?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akafuta kidole gumba kwenye suruali. Kisha akaniambia kwamba kwa mkono alishajua tangu siku ya kwanza. Zile za matope zingemfaa mtu asiyegusa lami. Kwa njia yake zingelika kabla ya mwaka. Hizi zina ubavu mnene wa kuvumilia mawe, na tope halitaganda kwenye meno. Tairi alikuwa ameshazichagua. Kilichomrudisha dukani kila jioni ni kingine. Alitaka kusikia zikitofautiana, hata mara moja tu. Alidhani labda upepo, labda injini, labda uchovu.

"Mwambie anifungie mpya za aina hii," akasema. "Mlima ni ule ule, atakayeendesha awe yeyote. Tairi ni za gari, si za masikio yangu."

Alisimama kwa kushika boneti. Nikafikiria kumwambia kwamba kuna dawa, kuna vifaa, watu wanavaa na maisha yanaendelea. Nikaona sijui lolote juu ya masikio yake. Akachukua mtoto mikononi mwangu, akamweka begani, akanitazama mdomo, si macho.

"Mwanangu, kesho nisindikize kwa daktari. Wale huongea huku wanaandika, sitaambulia kitu. Wewe msikilize vizuri. Akisema niache usukani, usije ukanipigia kelele kama tunavyofanya nyumbani. Kaa mbele yangu, uniambie polepole."