Beseni Karibu na Mbabula

Mume wangu alikufa ndani ya siku tatu. Jumanne kichwa kilimuuma huko Beni, alikokwenda kutengeneza friji za hoteli moja. Jumatano akazimia, Alhamisi wakamrudisha Butembo akiwa maiti, Ijumaa tukazika. Waliomtibu walisema ni tension, presha ya damu. Mimi sikulia, na silisemi hilo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Akina mama wa kwaya walinizunguka, wakanishika mabega, wakangoja. Nikawa naangalia miguu yao, nikitazama nani kavaa soksi na nani hakuvaa, maana kulikuwa na baridi.

Samaki wake walikuwa sebuleni, ndani ya sanduku la kioo alilotengenezewa na fundi wa madirisha. Ni samaki wadogo wenye milia ya buluu, urefu wa pingili mbili za kidole. Wa kwanza aliwanunua Beni kwa mfanyabiashara aliyewatoa Kampala, na tangu hapo aliwazalisha mwenyewe, kizazi baada ya kizazi. Butembo samaki ni kitu cha sufuria. Jirani yetu hakuchoka kuuliza hao wa kwetu wataingia lini kwenye mafuta. Mume wangu alimjibu kila mara kwa upole, na upole huo uliniudhi kuliko swali lenyewe.

Hatukuwa na mtoto. Nalisema mapema ili msomaji asianze kutafuta mafumbo. Samaki walikuwa samaki.

Siku za kilio nyumba ilijaa watu, na watu wenye huruma hawawezi kuona kiumbe bila kukilisha. Walitupa mle sandukuni mkate, ugali, hata wali. Maji yakachafuka. Wageni walipoondoka samaki walikuwa wamebaki watatu, madume wawili na jike mmoja, naye jike alikuwa mzee, mgongo umeanza kupinda. Samaki hawa hawaishi miaka mingi. Jike huyo angekufa bila kuacha watoto, kazi yote ya mume wangu ingekoma mikononi mwangu. Sikuwa nahisi kitu wakati ule, si njaa wala usingizi, lakini hilo nilielewa.

Nilikuwa nimemwona mume wangu akiwazalisha mara nyingi, mimi kazi yangu ikiwa kubeba maji na kulalamika. Samaki hawa hawajengi kiota wala hawalindi mayai. Asubuhi kukipambazuka madume humkimbiza jike, naye hutawanya mayai popote, kisha wote watatu hugeuka na kuyala. Mzazi anamaliza kula watoto wake hata chai haijachemka. Kwa hiyo kazi ya mtu ni kuwahi. Mume wangu alitandaza wavu wa gunia la vitunguu katikati ya beseni, samaki juu, nafasi tupu chini. Mayai yakapita kwenye matundu, midomo isiyafikie.

Mara ya kwanza nilisahau wavu. Asubuhi nilikuta samaki watatu walioshiba.

Mara ya pili nilifanya kila kitu. Nilimtenga jike siku tano nikimlisha mabuu ya mbu, nikatandaza wavu, Ijumaa jioni nikawaweka pamoja. Jumamosi asubuhi niliwatoa, nikainama juu ya beseni kwa tochi ya simu. Mayai yalikuwepo, madogo kama chembe za chumvi laini, ya kung'aa. Yaliyokufa hugeuka meupe, nikayatoa kwa kijiko. Butembo ni baridi na mayai yanataka joto, basi nililisogeza beseni jikoni, karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa. Jumanne watoto walianguliwa. Walining'inia ukutani mwa beseni, wembamba kama kope, macho mawili na mkia. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Niliweka kipande cha jani la kabichi lioze taratibu, kwa sababu vidudu vya maji yale ndivyo chakula chao cha kwanza. Sikufurahi, ila siku hiyo nilikula sahani nzima.

Sasa niseme habari za mama mkwe. Wengine wote walirudi kwao baada ya kilio, yeye akabaki. Alikuwa ameacha shamba lake la viazi kule Alimbongo. Kwetu mke wa mwana ndiye anayempashia mama mkwe maji ya kuoga. Mwanamke anayemwachia mama mkwe kazi hiyo atasemwa mpaka kwa wajukuu. Lakini tangu wiki ile ya kwanza yeye ndiye aliyeamka kabla yangu, akawasha mbabula, akapasha maji, akayapeleka nyuma ya nyumba tunapoogea, kisha akaja kuniita. Niliona haya. Nilijaribu kumwahi, nikamkuta tayari amekaa mbele ya moto. Aliniambia tu nirudi nilale. Hakuniuliza kwa nini sikulia. Wote waliuliza, yeye hakuuliza, na kwa hilo nilimpenda. Tulikaa hivyo majuma mengi, wanawake wawili ndani ya nyumba moja, tukisemeshana maneno machache sana kwa siku. Na habari za beseni sikumwambia.

Jumatano, siku moja baada ya watoto wa samaki kuanguliwa, bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu jana yake. Bidoni zote za kutekea maji zilikuwa tupu, isipokuwa moja ya kupikia. Karibu na mbabula palikuwa na beseni la maji safi, lenye jani moja tu. Mama mkwe macho yake ni ya mtu mzima, na jiko lina giza. Aliona kwamba mke wa mwanawe amejitunzia maji ya kuoga. Alitoa jani, akayamimina sufuriani, akayapasha.

Mimi niliingia kuoga kama kila siku. Nilijimwagia kikombe cha kwanza, cha pili, nikapaka sabuni. Kwenye kikombe cha tatu kilinata mkononi mwangu kipande cha jani la kabichi, kimelainika, kinanuka. Nikajua. Nilisimama pale na kikombe. Kisha nikaendelea kuoga, kwa kuwa nilikuwa na sabuni mwili mzima na maji mengine hayakuwepo. Yalikuwa ya moto vizuri.

Jikoni aliniuliza kama maji yalitosha. Nikasema yalitosha. Lakini nilisimama mno nikitazama mahali pa beseni, naye akaniona. Akauliza kuna nini. Ndipo nikaongea, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaongea maneno mengi kwa mfululizo: jike mzee, wavu, mayai, Jumanne.

"Ilikuwa na batoto mu ile maji?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Badogo sana. Kubaona ilikuwa nguvu, hata na tochi."

"Ya basamaki ya mutoto yangu?"

"Ya basamaki yake."

Akakaa kwenye kigoda. "Sasa juu ya nini haukuniambia?"

Mficha uchi hazai, husema watu, na mimi nilikuwa nimeficha hata beseni la jikoni. Maneno matatu tu yangetosha. Mama mkwe alifunika uso kwa kitenge akalia, akilitaja jina la mwanawe la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Nilisimama kando yake na taulo kichwani. Nilimwonea wivu.

Nilijaribu mara mbili zaidi. Madume walikimbia, jike akakimbia, asubuhi chini ya wavu hapakuwa na kitu. Juma lililofuata nilimkuta jike amelala ubavu. Nilimtupa kwenye shimo la takataka, halafu nikarudi nikamtoa, nikamfukia kwenye kitalu cha maharage. Madume bado wapo. Nawalisha asubuhi, wanakula.

Mama mkwe naye bado yupo. Anasema viazi vina watu wa kuvitunza. Bado anaamka kabla yangu, bado ananipashia maji, ila sasa hagusi maji yoyote ya nyumba hii kabla ya kuniuliza, hata yale aliyoyateka mwenyewe bombani dakika ile. Anasimama mlangoni mwa chumba changu na sufuria mkononi. Hasemi samaki.

"Mama, hii maji iko na mutu ndani?"

Hatanii. Anangoja, na hatamimina mpaka nitamke. Siku nzima sihisi kitu, lakini hapo, kabla sijafungua mdomo, huniuma, na huuma kwelikweli.

"Hapana, mama," namjibu. "Hakuna mutu. Chukua tu."