Suti ya Marehemu Wote

Katika miaka yangu ya kupanga kurasa za gazeti, kwanza Kitale, halafu Bungoma, hakuna kitu nilichokichoka kama suti moja ya kijivu iliyokaa ndani ya kompyuta yangu.

Gazeti letu lilitoka mara moja kwa wiki na liliishi kwa matangazo ya vifo. Habari nilizipanga kwenye nafasi iliyobaki. Familia zilileta picha yoyote iliyopatikana: mzee amesimama shambani Endebess na gambuti zake, au yuko harusini kwa watu, nusu ya uso imefichwa na kofia ya jirani. Kabla sijaiangalia vizuri, ombi lilikuwa lile lile.

"Si utamvalisha suti, bana?"

Nilimvalisha. Suti yenyewe niliikata kwenye picha ya mgombea ubunge mmoja aliyeshindwa vibaya, mtu wa kitambi na tai nyekundu. Nilitoa kichwa chake nikaweka cha marehemu. Wakulima, walinzi, wauza ng'ombe, wote waliagwa wakiwa ndani ya suti ya mwanasiasa huyo, na hakuna familia iliyolalamika. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nilichoka hata kucheka. Macho yaliniwasha kwa mwanga wa kompyuta ile ya kisogo kikubwa, na nilianza kuwaonea huruma watu wasioruhusiwa kufa wakiwa wao wenyewe.

Kisha baba yangu akafa, nyumbani Matulo.

Mama alikuja ofisini kwetu Kanduyi, pale Bungoma, na picha aliyoifunga kwenye leso. Tulikuwa na hiyo moja tu. Baba alikuwa amevaa sweta yake ya kahawia iliyofumuka viwikoni, mkono ameuweka mgongoni mwa ng'ombe wetu. Sweta ile niliijua tangu utotoni, ilinuka moshi na maziwa. Nikaamua papo hapo kwamba yeye atatoka gazetini vile alivyokuwa.

"Mama, huyu tumwache hivi. Huyu ndiye baba."

Alinitazama. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu, hata aliponiita kwa jina ambalo mama wa kwetu huwaita watoto wao wa kiume.

"Papa, umevarisha baba za watu wote. Wako ndiye unataka kumwacha na sweta?"

Niliona aibu, na hasira pia, maana alikuwa na haki na mimi bado niliitaka sweta yangu.

Nikafungua suti. Ilimkataa kabisa. Shingo yake nyembamba ilipotelea ndani ya kola. Mama akavuta kiti karibu nami.

"Punguza mabega. Hakuwa munene."

Nikapunguza.

"Na hiyo tai nyekundu hapana. Yeye arikuwa mutu mupole."

Nikaigeuza buluu. Tulikaa hivyo mchana wote, yeye akipima kwa macho, mimi nikikata, na kazi ile niliyoichoka ikanitoa machozi mbele ya wenzangu.

Gazeti lilikufa baadaye, nami nikaacha kazi hiyo. Picha tuliyoitengeneza bado inaning'inia sebuleni Matulo. Juzi binti yangu aliitazama akamuuliza nyanya yake babu alikuwa anafanya kazi ofisi gani.

Nilishtuka. Nikafungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Hakuwa na ofisi. Arikuwa anakamua ng'ombe. Hiyo suti ni baba yako arimushonea."