Wembe Mmoja, Vichwa Vinne

Siku hizi nikimpeleka mwanangu kunyolewa, kinyozi hulowanisha pamba kwa spiriti, akaipangusa mashine, ndipo akaiwasha. Harufu ile hunipanda puani hadi machoni. Vijana wanaosubiri zamu hudhani nalia kwa furaha ya kumwona mtoto amekua, nami nawaacha wadhani hivyo. Nyinyi nitawaambia ukweli, ingawa haunipambi.

Kwetu Muhima, mtaa wa Kigali, miaka ile vita ikiwa bado iko mbali mpakani, hatukuwa na mashine wala spiriti. Tulikuwa na wembe. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mama alifungua wembe mpya, akatupanga kwenye benchi nyuma ya jiko, akavinyoa vichwa vinne mfululizo. Mimi, kifungua mimba wake, nilitangulia, wembe ukiwa mkali na mwepesi. Wakafuata wadogo zangu wawili. Wa mwisho alikuwa Konsolata, binti wa baba mkubwa, na ulipomfikia yeye wembe ulikuwa unang'oa badala ya kukata. Alinizidi miaka miwili, lakini kwenye benchi lile ukubwa wake haukuwa na maana.

Alikuwa ametoka Gatsata, mlima unaotazamana na wetu ng'ambo ya bonde la Nyabugogo, baada ya kufiwa na wazazi. Huko alibaki bibi, macho yameisha, anahitaji mtu wa kumchotea maji. Baba alisema mtoto mwenye akili kama ile lazima asome, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa kuingia sekondari. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Baba, akapanda lori lake akaenda zake Bukavu. Mama alimwonyesha Konsolata mkeka kando ya magunia ya mitumba, basi.

Mwaka huohuo niliokota paka mchanga nyuma ya maduka. Alikuwa na mabaka yasiyo na manyoya masikioni, nami nikamwona mzuri kuliko paka wote wa Kigali. Nilimficha kwenye boksi, nikawa namvaa kichwani kama kofia. Haikupita muda utosi ukaanza kuniwasha, kukaota kiduara chenye magamba. Sikumwambia mtu, maana ningemtaja paka. Paka mwenyewe alitoroka, hakunishukuru hata kidogo.

Mwezi uliofuata sote wanne tulikuwa na mapunye. Majirani walikuja wakatazama, wakasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na macho yao yote yakamwendea aliyekuja na kifurushi. Ni kweli kichwa chake kilikuwa kibaya kuliko vyetu, kwa sababu wembe butu ulikuwa umemkatakata.

Dawa ya Mama ilikuwa gunzi la mahindi, chumvi na mafuta ya taa. Sisi wa tumboni mwake alitupitishia juujuu, tukapiga kelele za kutosha akaacha. Konsolata alimsugua hadi gunzi likabadilika rangi. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Nitasema wazi: nilifurahi, kwa sababu alinishinda hesabu na Baba alimsifu mbele yangu. Nilimpa jina la Ramani, na wadogo zangu wakalidaka. Kijiko chake kilifungwa uzi mwekundu kisichanganyike na vyetu.

Vidonda vikatunga usaha, shingo ikamvimba, homa ikapanda. Hapo Mama akaogopa maneno ya watu, akatupeleka sote disipanseri. Mtawa mmoja mzee, tuliyemwita masera, mwenye mikono iliyonuka sabuni, alimwosha Konsolata taratibu, akampaka dawa ya zambarau kwenye vidonda, kisha akatutazama vichwa mmoja mmoja.

"Hii zambarau ni ya usaha tu," alimwambia Mama. "Mapunye yenyewe ni fangasi, iko kwa mzizi ya nywele. Gunzi haifikake kule. Watakunywa vidonge, wiki sita, bila kuruka. Sasa niambie, munanyoaka watoto na wembe ngapi?"

"Moja, masera."

"Na nani anaanzaka?"

Mama aliniangalia mimi, akaangalia kile kiduara changu cha utosini, kikubwa na kikavu, kikongwe kuliko vyote. Niliona anaelewa. Ugonjwa uliopanda kwenye wembe hauwezi kurudi nyuma. Aliyenyolewa mwisho hawezi kumwambukiza aliyetangulia.

"Konsolata," akasema Mama. "Yeye ndiye mukubwa, yeye anaanzaka."

Masera akamgeukia. "Ni kweli, mutoto wangu?"

Konsolata alimtazama Mama, hakunitazama mimi. "Ndiyo, masera. Ni mimi wa kwanza. Mama mdogo anasema kweli."

Nilikuwa na neno moja tu la kumsaidia, nalo ni paka. Nililimeza.

Wiki haikuisha, Mama akamrudisha Gatsata kwa bibi, kabla Baba hajarejea. Shule ikaishia hapo. Vidonge vyake vilibaki kabatini kwetu. Mama alisema huenda sisi tukavihitaji zaidi. Sisi tukanywa, tukapona, nywele zikaota laini. Jioni nilikuwa nikiutazama mlima wa Gatsata, moshi wa majiko ukipanda, nikijiambia kwamba huko ndiko kwao.

Kwa miaka mingi niliamini Konsolata alikubali kwa sababu alikuwa mpole, au mjinga. Niliwahi hata kumcheka. Nilipokuwa mtu mzima, nikala mwaka mzima kwenye nyumba ya watu wasionitaka, nikiitikia kila walichosema, ndipo nilipomwelewa, na nikaona aibu ambayo haijanitoka. Alijua kabisa nani alitangulia kwenye benchi. Alikuwa anangoja zamu yake pale kila mwezi. Alidhani akiubeba uongo wa Mama mbele ya masera, Mama atamwacha abaki.